Miche ya Shamba la Popo: Tuipande Lini Mvua Ikisitasita?

Wanachama wengi waliofika ofisini mwetu tangu kumalizika masika wametuuliza suala moja tu: ile miche iliyomo katika kitalu cha Chama tutaipanda lini? Wengine wasema tuipande pale pale itakapoanguka mvua ya kwanza ya vuli, maana miche imekwisha kuwa mirefu na mizizi yatoboa viriba. Wengine wasema tusiipande kabisa, tuiuze, kwani ya mwaka jana yametutosha. Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano mkuu, na kabla hamjanyanyua mikono tumeona ni haki mjue khasa lililotokea. Maneno yanayosemwa barazani si yote ya kweli, na baadhi yake yanatupunguzia sisi lawama tusizostahiki kupunguziwa.

Kwa wale waliojiunga karibuni yafaa tulieleze shamba lenyewe. Mwanachama mmoja alitupa nusu eka, pale palipokufa mikarafuu mikongwe, kwenye mteremko unaoshukia bonde la mpunga. Ng'ambo ya bonde hilo pana miembe na mivule ambamo popo wamefanya makao yao. Kila mwaka embe zikipungua popo huingia vijijini, hula mapapai na mashelisheli ya watu, na kila mwaka hatukosi kusikia ugomvi, na kijana mwenye wavu au manati hatukosi kumwona. Ndipo Chama kilipoamua kupanda miti ya matunda ambayo hapana mtu atakayeivuna, iwe fungu la popo na ndege, na katikati ya miti pawe na mistari ya mtama, kunde na mbaazi ili pasikae patupu miaka ile ya kungojea miti kukua. Hatukuahidi kwamba popo hatagusa tena papai la mtu. Tulisema tu kwamba mnyama mwenye chakula chake karibu huenda akapunguza safari.

Wapo wanaocheka wakisikia kwamba Chama cha wakulima wa karafuu kinamlimia popo. Nasi twawajibu kwamba popo huyu si yule mdogo wa darini. Popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, hapatikani penginepo duniani ila katika kisiwa hiki. Hatafuti njia kwa mlio kama popo wadogo, bali hutumia macho na pua, na chakula chake ni matunda, maua na majani. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, ndiyo sababu akiwindwa sana hapati kujaza pengo. Aliwindwa kwa nyama na miti yake ikakatwa, hata mwaka 1996 wataalamu wa dunia wakamtia katika daraja la wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Baadaye vijiji vikaingia kumlinda, Kidike ndipo panapojulikana zaidi, na mwaka 2008 akatolewa katika daraja lile la mwisho akashushwa madaraja mawili, yaani bado yumo hatarini lakini si ukingoni. Na yule ninga wa Pemba, mwenye manyoya ya kijani, naye ni wa kwetu peke yetu, na hula kuyu zile zile anazokula popo. Karafuu sisi hatujaona ikiguswa na popo hata siku moja.

Basi nia ilikuwa njema. Lililoharibika ni siku ya kupanda, na siku hiyo tuliichagua sisi.

Ilikuwa Oktoba. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila ya tone, majani ya migomba yamejikunja, na kila mtu akitazama juu. Usiku mmoja ikanyesha mvua nzuri. Asubuhi tulipotazama lile kopo tulilolisimamisha nyuma ya ofisi tulikuta maji milimita 18. Tulifurahi kupita kiasi. Siku hiyo hiyo tulipeleka khabari kwa wanachama, na kwa muda wa siku mbili watu walijitokeza kwa majembe na mapanga, wakachimba mashimo, wakapanda miche 120, mifenesi, mizambarau, mikungu, mishelisheli na mikwaju michache. Mtama na kunde tukamwaga katika mistari tukaufukia udongo juu juu kwa miguu. Jioni ya siku ya pili tulipikiwa mihogo na chai, na mwenye shamba akasema hajawahi kuona kazi ya umoja ikenda vizuri namna ile. Nasi tuliandika katika daftari ya kumbukumbu kwamba kazi imekamilika.

Baada ya hapo zilipita siku 19 bila ya mvua ya maana. Mtama ulikuwa umeota siku ya nne, mistari yote kijani, watu wakaja kuutazama. Wiki ya pili ukawa manjano, ya tatu ukawa majani makavu. Kunde zilivumilia kidogo kuliko mtama, kisha nazo zikalala. Miche ilianza kuinamisha majani mchana na kuyainua usiku, kisha ikawa haiyainui tena. Tulipohesabu mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imekaza, ilikuwako hai 31. Maana yake katika kila miche 4 tulipoteza kama 3. Miche ile ilikuwa imekaa kitaluni zaidi ya mwaka, na viriba, mbolea na ujira wa mwangalizi vilitoka katika ada zenu.

Sasa tuseme kwa nini, maana hapa ndipo penye faida kwa kila mwanachama, hata yule asiyetaka kusikia jina la popo.

Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji juu ya mita moja ya mraba. Katika kinongo kilichokauka, milimita 10 hulowanisha kina cha sentimita 6 au 7 hivi, hayapiti hapo. Mchangani maji hushuka zaidi, lakini mchanga hauyashiki. Basi zile milimita 18 zilizotufurahisha zilikuwa zimelowanisha yapata nusu ya shibiri. Mashimo yetu yalikuwa ya zaidi ya shibiri mbili, na mche uliomo katika kiriba mizizi yake ya chini iko shibiri moja na kitu. Juu palikuwa na matope yaliyoshika miguu, chini palikuwa vumbi. Nasi tukazidisha kosa kwa kuchimba mashimo siku ile ile, tukatoa vumbi la chini tukalichanganya na unyevu mdogo wa juu, kisha tukalirudisha kuuzunguka mche. Udongo mkavu una kiu kuliko mche. Ulinyonya hata yale maji yaliyokuwamo ndani ya kiriba.

Na siku ya jua kali, katika nchi yetu, hewa hunyonya kutoka ardhini iliyo wazi kama milimita 4 hadi 5. Gawanyeni 18 kwa 4 na nusu, mtaona kwamba furaha yetu ilikuwa na umri wa siku nne. Ndizo siku zile zile mtama uliohitaji kuota.

Mtama ulikufa kwa sababu mbegu ndogo iliyopandwa juu juu huamshwa na mvua ndogo. Ikishaamka haiwezi kulala tena. Mzizi hushuka mpaka penye ukavu ukasimama hapo, jua linashuka nyuma yake likikausha kila siku kidogo, na mmea unakufa kabla mzizi haujafika popote. Laiti mvua ile ingekuwa ya milimita 4 tu isingeamsha kitu, na mbegu zetu zingekuwako bado.

Hapa hatuna budi kusimulia khabari ya watoto wa skuli. Tuliwaomba waje wapande mbaazi katika mistari ya pembezoni siku ile ya kazi kubwa, lakini walikuwa na mtihani, hawakufika. Walifika wiki ya pili ya ukame, wamepanga mstari, kila mmoja na kijiti chake na mfuko wa mbaazi. Tuliona haya kuwarudisha, tukawaacha wapande vumbini. Kisha tukawakuta wanadunga mashimo marefu kupita vile tulivyowaelekeza, karibu kidole kizima, tukawakemea. Walifukia wakenda zao. Katikati ya ule ukame ilipita mvua moja ya kupepesa, milimita 5, ikalowanisha unene wa vidole viwili tu, haikuzifikia mbegu zao. Mvua yenyewe ilipokuja mwisho wa Novemba mbaazi zilitoka zote kwa pamoja, ukiacha zile zilizochimbuliwa na panya na kanga, nazo hazikuwa kidogo. Mwezi wa Machi zilikuwa zinampita mtu kimo. Kazi pekee iliyofanikiwa katika shamba lile ni ile tuliyoikemea.

Tangu hapo tumetambua kwamba masuala ni mawili, nasi tulikuwa tukiyafanya moja. Ziko mbegu zinazoweza kungoja katika udongo mkavu, na iko miche isiyoweza kungoja hata siku tatu. Mbaazi, kunde, mtama, uwele na mbegu za mkwaju zikiwa kavu huvumilia vumbi wiki nyingi, ilimradi zifukiwe kina cha kutosha hata mvua ya kudanganya isizifikie. Mbaazi na kunde huweza kutoka katika kina cha vidole vitatu. Mtama ni dhaifu zaidi, ukiuzika mno hautoki, kwa hivyo yafaa uachwe mpaka mvua ithibiti. Mwenye kupanda vumbini na atie mbegu nyingi zaidi, maana panya, siafu na ndege hawatangoja pamoja nazo. Ama mbegu za fenesi, embe, zambarau na karafuu hazimo katika hesabu hii. Hizo zikikauka zimekufa. Hupandwa mbichi kitaluni mara tu baada ya kuondolewa nyama yake, na kila mwanachama aliyepata kuweka mpeta wa karafuu juu ya ukuta kwa wiki mbili kisha akaupanda anajua alichokipata.

Yuko mzee mmoja, jirani wa shamba lile, ambaye hatutamtaja kwa kuwa hapendi. Tulimpa miche 20 apande ukingoni mwa mpaka wake. Siku ile ya furaha alikuja na kipande cha nondo nyembamba, akakichoma ardhini mbele yetu. Kilishuka kidogo kikagonga. Akakitoa, akakipima kwa kiganja, akatuambia, "Wanangu, hii imelowa jani, haijalowa shina." Kisha akachukua miche yake akairudisha chini ya mwembe, akaifunika makuti. Twakiri kwamba tulimwona mvivu. Alipanda mwisho wa Novemba, baada ya siku tatu za mvua mfululizo, na mwezi wa Februari alikuwa na miche 17 hai. Wala hakuwa akiimwagia maji.

Njia yake ndiyo tunayotaka kila mwanachama aijue. Nondo yenye unene wa kalamu ya risasi, au ufito mgumu uliochongwa, husukumwa kwa mkono mmoja bila ya kupiga. Penye unyevu huteremka, penye ukavu husimama. Lakini kwenye uwanda haifai, maana itagonga jiwe nawe utadhani umegonga ukavu. Huko chimba kishimo ushike udongo wa chini mkononi. Ukiukaza ngumi ukakaa bonge, na ukiugusa kwa kidole bonge likavunjika bila ya kuwa unga, umefaa. Kwa mche wa kiriba twataka unyevu ufike dhiraa moja au karibu yake, yaani kama sentimita 40. Kwa hesabu tuliyokwisha kuieleza, kinongo kilichokauka kabisa chahitaji yapata milimita 60 zilizonyesha karibu karibu. Si mvua moja ya usiku hiyo.

Katika mkutano wa halmashauri palitokea mabishano makubwa juu ya kalenda. Wazee wawili walisema kwamba zamani hapakuwa na kopo wala nondo, watu wakihesabu miongo kutoka Nairuzi na wakajua mwongo wa kupanda kila kitu. Kijana mmoja akajibu kwamba simu yake inamwambia mvua ya siku kumi. Sisi twaona wote wana jambo, na wote limewapita jambo.

Hesabu ya miongo ni elimu kubwa, na aliyeipanga aliujua upepo wa bahari hii. Lakini mwaka wa Nairuzi ni siku 365 kamili, hauna siku ya kuongeza kila miaka 4. Mwaka wa jua wapita hapo kwa robo ya siku hivi. Kwa hivyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka 4, na katika miaka 100 ni kama siku 24 au 25. Mtu aliyefundishwa na babu ya babu yake kwamba vuli hupandwa mwongo fulani, na akaufuata mwongo ule ule leo, atakuwa shambani wiki tatu na zaidi kabla ya wakati aliokuwa akiukusudia babu yule. Wazee wenyewe walijua kuisogeza kwa kutazama upepo na miti. Sisi tumerithi hesabu tukaacha kutazama. Miezi ya Kiislamu hapana aliyepata kupandia mazao, maana hurudi siku 10 au 11 kila mwaka na kila mtoto wa chuoni ajua hayo.

Ama simu, nayo ina mpaka wake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli kabla ya msimu kuanza, na twawashauri wanachama wausikilize kwa makini, kwani vuli yetu hufuata sana hali ya joto la bahari. Mwaka 1997 bahari ya Pasifiki ilipopata ule ujoto wa El Niño, na mwaka 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli ya Afrika Mashariki ilifurika. Pasifiki inapopoa, hali iitwayo La Niña, vuli hupungua mara nyingi, na baina ya mwaka 2020 na 2022 hali hiyo ilikaa miaka mitatu kwa kufuatana. Khabari hiyo inakwambia msimu utakuwa wa namna gani. Haikwambii kama bonde lako litapata mvua ya Jumanne. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, mvua huweza kunyesha Wete na Chake Chake wakawa wanaanika karafuu. Ndiyo sababu kopo liwe la shamba lako mwenyewe, na nondo iwe katika udongo wako mwenyewe.

Kuna waliosema tungeliweza kuiokoa miche kwa kuimwagia maji. Tulijaribu. Kinamama wa Chama walichota kisimani, mwendo wa robo saa, wakawa wanampa kila mche kata moja ya maji jioni. Kazi ile ilikuwa ya huruma na twawashukuru, lakini kata moja juu ya vumbi hulowanisha vidole viwili na kesho imekwisha. Bora ingekuwa lita 5 mara moja kwa wiki kuliko lita moja kila siku, kwa sababu maji mengi kwa pamoja hushuka mpaka penye mizizi. Miche 120 kwa lita 5 ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20 kila wiki, kwa kichwa, kupanda mteremko. Aliye tayari kuahidi madumu 30 kwa wiki mpaka masika na asimame mkutanoni aseme. Ile mishelisheli michache iliyonusurika ni ile ambayo bibi mmoja aliizikia mitungi mibovu kando ya shina, akaijaza maji na kuifunika kigae. Maji huvuja taratibu kupitia udongo wa mtungi na mizizi huyafuata. Kwa mashina kumi ni njia nzuri sana, ila kwa mashina mia hatuna mitungi.

Twarudi kwenye karafuu, maana tunaogopa wengine watasema hayo ni ya popo. Mwanachama akipewa miche ya karafuu wakati wa vuli huona ni neema asiyoweza kuiacha ilale, huipanda wiki ile ile, kisha mwezi wa Machi huja ofisini kusema miche ilikuwa mibovu. Huenda mara nyengine huwa mibovu kweli. Lakini tumeanza kuwauliza wanaokuja: mvua ilikuwa imefika kina gani? Ulichimba shimo lini? Ulikuwa na kivuli? Wengi hunyamaza. Mkarafuu mchanga hauvumilii jua tupu wala upepo mkavu wa kaskazi. Wazee waliupanda chini ya mihogo na migomba iliyokwisha kusimama, na upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga, wakachomeka makuti. Kama mche wako umekuja mapema ufanyie kama alivyofanya mzee wa nondo, uweke chini ya mti, uufunike, uukate mizizi iliyotoboa kiriba, upunguze maji kidogo kidogo ili ujifunze shida, na ungoje. Mche uliongoja kitaluni miezi mitano huchelewa, lakini ule uliokufa hauna la kuchelewa tena.

Sasa rai ya halmashauri, ambayo ndiyo mtakayoipigia kura. Kitaluni imo miche 140. Halmashauri yapendekeza kwamba isipandwe vuli hii hata mmoja, ila ikitokea nondo ikashuka dhiraa moja katika sehemu tatu mbalimbali za shamba kabla ya tarehe 30 Novemba. Baada ya tarehe hiyo, hata mvua inyeshe vipi, tusipande, kwa kuwa miche haitapata wiki za kutosha kushika ardhi kabla ya kaskazi kukaza. Tutangoja masika. Lakini mbaazi tuzipande mapema, vumbini, kina cha vidole vitatu, mistari ikiwa kwenye upande wa magharibi wa kila shimo la mti. Masika ikija zitakuwa zimekwisha kusimama na kutia kivuli, ndege watakuwa wamekwisha kupata chakula chao, na majani yake yanayopukutika yatakuwa matandazo. Matandazo yasigusane na shina, maana mchwa watakuja nayo. Mashimo yachimbwe mwezi wa Septemba, ardhi ingali kavu, yarudishiwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na yaachwe na bonde kidogo juu ili kila mvua itakayoanguka iingie humo.

Yako mambo mawili yanayopingana na rai hii, nasi hatutayaficha. La kwanza ni gharama: kuiweka miche mpaka Aprili ni ujira wa mwangalizi kwa miezi mingine, na viriba baadhi vitabidi vibadilishwe kwa vikubwa. La pili ni kwamba yule mwanachama aliyetupa nusu eka ameanza kuulizwa na wanawe kwa nini ardhi ya urithi ikae bure. Yeye mwenyewe hakutuambia lolote, ametwambia mtu mwengine. Amengoja mwaka mzima akitazama vijiti vikavu, na tukimwambia angoje mpaka masika twamwomba jambo kubwa. Tulikwenda kwake mwezi uliopita kumtaka radhi, akatupeleka mpaka shambani akatuonyesha mkungu mmoja katika ile 31, umefika kifuani. Usiku kulikuwa na popo wawili juu ya msufi ulio karibu, wanakula maua. Alisema hajui kama walikuwako miaka yote au wamekuja sasa.

Sisi kwa upande wetu twaiunga mkono rai ya kungoja. Wako katika halmashauri wanaoipinga, na watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura.

Mkutano utakuwa ofisini baada ya sala ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Makopo ya kupimia mvua tumekusanya 25, yote ya pande zilizonyooka, na kila moja limechorwa milimita kwa ndani. Kila tawi litachukua moja, na mwanachama atakayekubali kulisoma kila asubuhi saa moja aandikishe jina lake. Nondo zimekatwa kwa fundi, urefu wa dhiraa moja na nusu, na hizo tutazigawa kwa watakaowahi.